Taa nyekundu ya asubuhi: uchambuzi wa moto mmoja wa paneli za jua

Kipande chenyewe ni cha konekta, kiungio cha nyaya za paneli, na kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Plastiki yake nyeusi imeyeyuka ikaganda kama nta ya mshumaa. Ndani, pini ya shaba imeliwa hadi nusu, na kwenye ncha kuna kishanga kidogo cha shaba iliyoyeyuka ikaganda tena. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Moto wa majani makavu hauyeyushi ncha ya pini ukaacha waya ulio sentimita tano pembeni ukiwa mzima. Mwali wa umeme, yaani umeme unaoruka kama cheche isiyokatika kati ya shaba mbili zilizoachana, unafanya hivyo. Kipande hiki nilikitoa chini ya paneli ya nne, siku mbili baada ya moto, na ndicho kilichonionyesha kisa kilipoanzia.

Nyumba ni ya chini, ina paa la bati juu ya kenchi za mbao, na mti mkubwa umeinamia upande mmoja wa paa. Kulikuwa na paneli 10 za wati 450 kila moja, zote zimeungwa kwa mfululizo hadi kwenye inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, iliyofungwa stoo pamoja na betri mbili za lithiamu. Mtambo ulikuwa umefanya kazi miezi 14. Usiku wa kuamkia siku ya tukio mvua ilinyesha, kulipokucha jua likatoka kali. Saa nne asubuhi mwenye nyumba akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Alipotoka nje akaona moshi chini ya paneli. Mwanawe akakimbilia ndani, akazima swichi kubwa ya nyumba. Moshi haukupungua. Dakika chache baadaye ndimi za moto zikaonekana, na zimamoto walipofika, papi mbili, zile mbao zinazoshikilia bati, na kipande cha dari ya chumba cha nyuma vilikuwa vinawaka. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo nashukuru kila ninapoikumbuka siku hiyo.

Nilimkuta mama mwenye nyumba uani, vitu vya chumba cha nyuma vimeanikwa pembeni yake. Baada ya kumpa pole nikamuuliza swali ninaloliuliza kila mahali: mtambo uliwahi kulalamika?

"Ulikuwa unalalamika, mwanangu. Taa nyekundu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi inawaka. Ikifika saa tano inazima yenyewe. Nikampigia fundi, akaniambia, mama, zima halafu washa. Nikawa nazima, nawasha."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za kwanza. Miezi miwili imepita."

Kumbukumbu za inveta zilisema vilevile. Onyo la kushuka kwa uhami, yaani kinga inayozuia umeme usivuje nje ya nyaya, lilikuwa limejirudia mara 19, kila mara baada ya mvua, kila mara kati ya alfajiri na saa tano. Kama kuna sehemu moja ya kisa hiki ningependa mafundi wenzangu waisome mara mbili, ni hii. Inveta ya aina hii, kabla haijaanza kazi asubuhi, hupima ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa kupita, kati ya nyaya za paneli na ardhi. Ukinzani ukiwa chini ya kiwango, maana yake kuna mahali umeme unavuja kwenda kwenye fremu, kwenye bati, au kokote penye njia ya kufika ardhini. Maji yakiingia mahali hapo ukinzani unashuka, jua likipakausha unapanda, na taa inazima. Palipopasuka panabaki pamepasuka. Kumwambia mtu azime awashe ni kumfundisha kunyamazisha chombo kilichowekwa kumlinda, na mama huyu alitii kwa sababu alimwamini fundi wake.

Fundi mwenyewe alikuja tulipomwita. Ni kijana msikivu, hakujificha wala hakutafuta wa kumsingizia, nami nikamwomba tupande pamoja. Viunzi alivifunga imara. Eathi ya fremu, yaani waya wake wa kwenda ardhini, aliiunga vizuri, na ndiyo iliyoiwezesha inveta kuugundua uvujaji mapema vile. Kosa lilikuwa mahali pamoja. Paneli zilikuja na konekta za kiwanda kimoja, lakini baina ya paneli ya nne na ya tano alihitaji kurefusha waya ili kulikwepa bomba la hewa, akatumia konekta nyingine zilizofanana na zile.

"Ziliingia vizuri, kaka," akaniambia. "Zikalia tak."

Namwamini. Konekta za muundo wa MC4 hutengenezwa na viwanda vingi, na nyingi hushikana kwa nje. Ndani ndiko zinakotofautiana: kipenyo cha pini kwa sehemu ndogo ya milimita, ugumu wa springi inayoibana pini, mpira unaozuia maji, hata namna plastiki inavyotanuka ikipata joto. Kiwanda hupima konekta zake zikiungana zenyewe kwa zenyewe, na watengenezaji wengi wanakataza kuzichanganya na za wengine. Mpira usiposhika sawasawa maji hupenya, shaba hushika kutu ya kijani, na mgusano huwa mbaya.

Mgusano mbaya una hesabu yake. Paneli hizi jua likiwa kali hupitisha karibu ampea 11. Ukinzani wa kiungo ukifika nusu omu tu, zidisha 11 kwa 11 kisha kwa nusu: wati 60. Pasi ndogo ya kulehemu nyaya za redio hutumia wati 40 hadi 60, na ncha yake inayeyusha risasi ya kulehemu. Joto la namna hiyo lilikuwa ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba, kimelala juu ya bati, kila siku ya jua. Joto lililegeza springi, springi iliyolegea ikaongeza ukinzani, ukinzani ukaongeza joto. Mwishowe shaba mbili zikaachana kwa nafasi isiyozidi unene wa unywele, na umeme ukairuka nafasi hiyo.

Hapa ndipo umeme wa paneli unapoachana na ule wa ukutani. Mkondo geu, ambao mafundi tunauita AC, kwenye gridi ya hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo mwali unaopenya kwenye kiungo kibovu hupata nafasi ya kufa kila mara. Mkondo mnyoofu, yaani DC, haushuki kwenye sifuri. Mwali ukishawaka unaendelea ilimradi jua lipo na mkondo una pa kwenda. Ndiyo maana swichi au breka ya AC haifai kabisa upande wa paneli, hata kama volti zilizoandikwa juu yake zinatosha: haina uwezo wa kuukata mwali wa DC, na yenyewe inaweza kuungua.

Mama aliniuliza kwa nini fyuzi haikukatika. Ni swali zuri, na hata baadhi ya mafundi hulikosea. Fyuzi hukatika mkondo ukizidi. Paneli hizi zikifanya kazi hutoa karibu ampea 11, na hata ukizishikisha chanya na hasi moja kwa moja hazivuki 11 na nusu. Mwali uliokuwa kwenye kiungo ulipitisha mkondo uleule wa kila siku, na ulipungua kidogo badala ya kuongezeka. Kwa fyuzi, siku ya moto ilikuwa kama siku nyingine yoyote. Kinachoweza kuutambua mwali wa aina hii ni kifaa kinachosikiliza mtetemo wake kwenye mkondo. Kanuni za umeme za Marekani zimekidai kwa mitambo ya juu ya paa tangu toleo la 2011. Inveta ya nyumba hii ilikuwa nacho ndani yake. Nilipofungua menyu nilikikuta kimezimwa, na hakuna aliyewahi kukiwasha.

Na swichi kubwa aliyoizima mwana wa mwenye nyumba? Ilikata umeme wa kuingia nyumbani. Inveta, kwa kuwa ilikuwa na betri za kuchaji, iliendelea kuvuta mkondo kutoka paani kana kwamba hakuna kilichotokea. Swichi iliyohitajika ilikuwa ile ya DC, ubavuni mwa inveta. Ingezimwa mapema, kiungo kile kingekosa mkondo na mwali ungekatika, ingawa nyaya zingebaki na volti 490 za paneli 10 zilizo juani. Ilikuwa nyuma ya masanduku, haina maandishi, na hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kuonyeshwa. Nilimtazama yule kijana wa nyumbani akiishika kwa mara ya kwanza, siku mbili baada ya kuihitaji.

Kuhusu moto ulivyoenea sitachukua muda mrefu, maana paa lenyewe lilieleza. Paneli zilikuwa sentimita sita tu juu ya bati. Majani ya mti yalikuwa yamejisokota humo msimu mzima, na kiota cha ndege kikiwa katikati yake. Moto ukiwaka katika uwazi mwembamba kama huo, paneli inakuwa kama kifuniko cha sufuria: joto haliendi juu, linarudishwa chini na kusukumwa pembeni. Bati haliungui, lakini tundu lililopitisha nyaya kuingia darini lilikuwa limezibwa kwa povu la kuzibia, na povu hilo linaungua. Hapo ndipo moto ulipopata mlango. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, na mbao nilizozikuta zimegeuka mkaa zote zilianzia pembeni yake.

Zimamoto walifanya kazi yao kwa busara. Walisimama mbali, wakapiga maji ya mnyunyizo badala ya jeti iliyonyooka, kwa sababu jeti nene hubeba umeme kirahisi zaidi. Majaribio ya maabara ya UL ya Marekani, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha kwamba umbali wa karibu mita 6 hupunguza sana hatari hiyo hata kwenye volti 1,000. Lakini walipoteza dakika wakiuliza umeme wa paneli unazimwa wapi. Tarehe 1 Septemba 2013, ghala la kampuni ya Dietz & Watson huko Delanco, New Jersey, liliungua likiwa na paneli zaidi ya 7,000 juu yake, na hofu ya umeme wa paneli iliwazuia wazimamoto kulishughulikia paa kama walivyozoea. Baadaye kanuni za nchi hiyo zilidai mitambo ya paani iwe na njia ya kushusha volti haraka: katika toleo la 2017, nyaya zilizo nje ya eneo la paneli zishuke hadi volti 30 ndani ya sekunde 30.

Fundi kijana alipendekeza tuongeze swichi ya DC palepale paani, kando ya paneli. Nilimkatalia, na sababu yake ni kisa cha Australia. Kule swichi ya paani ilikuwa ya lazima kwa miaka kadhaa, iliwekwa kwa nia njema ya kuwalinda wazimamoto. Swichi hizo zikakaa juani na mvuani, maji yakaingia, zikawa zenyewe chanzo kikubwa cha moto wa paneli. Kiwango chao cha 2021, AS/NZS 5033, kikaacha kuilazimisha. Kwa mitambo midogo napendelea viungo vichache kabisa juu ya paa na swichi bora mahali pakavu panapofikika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishughulisha zaidi ya moto wenyewe.

Paa lile ndilo lililokuwa likivuna maji ya mvua. Mfereji wa ukingoni ulishuka moja kwa moja hadi kwenye tangi, na tangi ndilo la maji ya kunywa ya familia. Maji ya kuzimia moto, majivu, plastiki iliyoyeyuka na chembe za kioo vyote vilikuwa vimeteremka njia hiyohiyo. Nilipofungua mfuniko niliona utando wa kijivu, mwembamba, wenye mng'aro wa mafuta. Na mama alikuwa amechota ndoo mbili asubuhi hiyo kuoshea sakafu.

Paneli ya silikoni kwa uzito wake ni kioo karibu robo tatu, kisha alumini ya fremu, plastiki, silikoni kidogo, shaba, na chembe za fedha. Risasi iliyomo kwenye viungo vya kulehemu ni gramu chache kwa paneli. Paneli za tabaka jembamba za kadmi teluraidi zina kadmi, metali yenye sumu, lakini hizi hazikuwa za aina hiyo. Karatasi ya nyuma ya paneli nyingi ina plastiki yenye florini, na ikiungua inaweza kutoa haidrojeni floraidi, gesi inayounguza macho na mapafu. Paneli ikiwa nzima juu ya paa vitu hivyo vimefungiwa ndani ya kioo, wala simtishi mtu navyo. Ikishaungua na kupasuka ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Nyumba hiyo ina wajukuu wawili.

Tulilitenga bomba la kushukia kabla ya mvua iliyofuata. Ningetamani lingekuwa limetengwa dakika ileile moto ulipozimwa, maana siku mbili zilipita na lau mvua ingenyesha, kila kilichobaki paani kingeingia tangini. Maji hatukuyamwaga bustanini. Tuliyaacha yatulie, tope la chini tukalikusanya kwenye mapipa yenye mifuniko ili liende kwa wanaoshughulikia taka hatarishi, na tangi likasuguliwa na kusuuzwa kabla ya maji yake kupelekwa kupimwa. Mboga zilizokuwa chini ya ukingo wa paa ziling'olewa, na udongo wa juu uliojaa vipande vya kioo ukaondolewa. Vipande hivyo ni vyembamba na vikali, vinang'aa kama magamba ya samaki. Huko Uholanzi moto wa majengo yenye paneli umewahi kuvirusha hadi malisho ya ng'ombe ya mbali, wakulima wakalazimika kuviokota kimoja kimoja. Sisi tulitumia glavu nene, barakoa, na taa ya tochi iliyolazwa chini usiku, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaovifichua.

Kuzishusha paneli nako kulihitaji subira. Paneli iliyopasuka bado inazalisha umeme ikiona mwanga, na iliyoungua nusu ni mbaya zaidi kwa kuwa hujui ni wapi uhami umekwisha. Tulizifunika kwa turubai nene lisilopitisha mwanga, tukazima inveta na swichi ya DC, tukapima kwa mita ya kubana mpaka mkondo ukasoma sifuri, ndipo tukafungua konekta ya kwanza. Kuitenganisha konekta ikiwa na mkondo ni kuwasha mwali kwa mkono wako mwenyewe.

Paneli tatu zilikuwa zimeungua, mbili zimepasuka kioo, tano zilikuwa nzima. Fundi kijana alidhani zile mbili zingeweza kuuzwa kwa bei ya chini, kwani mita ilionyesha bado zinatoa volti zake. Nilimwonyesha ufa. Ufa huo utaingiza maji, na baada ya mvua chache taa nyekundu itawaka kwenye nyumba ya mtu mwingine, pengine asiye na wa kumpigia simu. Akanyamaza, akazibeba yeye mwenyewe hadi kwenye rundo la zilizoungua. Tulizihifadhi pakavu, chini ya kifuniko, hadi zitakapopata wa kuzichakata. Umoja wa Ulaya uliziingiza paneli kwenye sheria yake ya taka za vifaa vya umeme mwaka 2012, na Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, lilikadiria 2016 kwamba taka za paneli zinaweza kufika tani milioni 78 duniani ifikapo 2050. Anayefunga paneli leo angepaswa kujua siku ya kufunga zitaenda wapi zikichoka.

"Niziondoe zote?" mama aliuliza, na sikumlaumu kuuliza. Nilimpa hesabu za Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani. Katika miaka 20 ya visa walivyokusanya, mitambo ikiwa imefika takriban milioni 1.3, walikuta moto 350 uliohusisha paneli. Katika 120 tu mtambo ndio uliokuwa na kosa, na majengo 10 yaliteketea kabisa. Moto wa namna hii ni nadra. Nilimwambia pia kwamba visa vingi vinatokana na mikono yetu sisi mafundi, kwa hiyo vinazuilika.

Tulihamishia paneli nane, tano za zamani na tatu mpya, upande wa pili wa paa. Mti haukukatwa. Wapo walioshauri ukatwe, lakini kivuli chake ndicho kinachopoza nyumba mchana, na kuung'oa ili kupata wati chache sikuona kama ni kuyatunza mazingira. Matawi yaliyoinamia paa tu ndiyo yalipunguzwa. Uwazi chini ya paneli sasa ni sentimita 15, na wavu wa chuma umezungushwa kuzuia majani na ndege. Konekta zote ni za kiwanda kimoja, zimebanwa kwa koleo lake, na kila moja imening'inizwa kwenye klipu ya chuma, hakuna inayogusa bati. Nyaya zinashuka nje ya ukuta ndani ya bomba la chuma, hazipiti darini. Kifaa cha kutambua mwali kimewashwa. Betri zimetolewa chini ya nguo zilizokuwa zikitundikwa stoo. Za aina hii, lithiamu chuma fosfeti, si nyepesi kulipuka, lakini gesi zake zikitoka zinawaka. Kwenye mlango kuna bango linaloonyesha swichi ya DC iko wapi, na kila mtu wa nyumba ameshaizima na kuiwasha kwa mkono wake, pamoja na mjukuu mkubwa aliyesisitiza naye ajaribu. Bomba la kwenda tangini lina kipande kinachochomoka kwa mkono mmoja.

Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha usiku kucha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu yangu ikalia: mama alikuwa amenitumia picha ya kioo cha inveta. Taa ilikuwa ya kijani, na ukinzani wa uhami ulisomeka megaomu 3.1. Chini yake ameandika, "Mwanangu, hii namba ni nzuri?"

Nikamjibu ni nzuri, na kwamba aendelee kunitumia kila mvua ikinyesha.